Makro Iliyokuja Kujua Siku ya Mnada

Kiwanda chetu cha kukamua alizeti pale Singida mjini kilikuwa na malori mawili tu. Kila wiki nilihangaika na jedwali la eksel kutafuta lori lipi liende kijiji kipi kuchukua alizeti tusichome dizeli bure, na kila kijiji nilikiingiza upya kwa mkono. Nikachoka. Nikajifundisha kuandika makro, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe. Nilibonyeza kitufe kimoja, ratiba ya wiki nzima ikatoka. Nilijiona bingwa!

Lori lililokwenda kijiji cha Mtinko likarudi tupu.

"Siku ya mnada nani akupakilie magunia?" dereva wetu, mzee wa Kinyaturu, aliniuliza mbele ya watu wote. "Kijiji kizima kiko mnadani na ng'ombe wake."

Nilikasirika, hasa kwa kuwa alisema kweli. Nikaongeza mistari michache kwenye makro: kijiji chenye mnada siku hiyo, kiruke.

Wiki iliyofuata malori yalirudi yamejaa kila safari, mpaka ghala likakosa nafasi. Mzee akaingia ofisini.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba." Akaitazama kompyuta, akatabasamu. "Huyu naye sasa ni mwenyeji."