Batura za Harusi ya Kinjumbi

Kijijini Kinjumbi, ng'ombe wa harusi alikufa alfajiri, kabla kisu hakijamgusa. Walimkuta amekakamaa kwenye kamba yake, na hapakuwa na mjadala: nyamafu hailiki. Shamte, baba wa bibi harusi, alikwenda kukaa kibarazani.

Mkewe, Mwanasha, ndiye aliyesema. "Wageni wa bwana harusi wanafika baada ya adhuhuri. Tutawapa nini, wifi? Wali na dengu? Watadhani wamekuja msibani!"

Wifi mwenyewe ni Biasha, dada yake Shamte, mpishi wa siku nyingi mjini Lindi. Dengu alikuwa ameziloweka tangu jana, masufuria makubwa makubwa, kwa chai ya wageni waliolala. Unga wa maandazi nao ulikuwepo. Akakaza kanga kiunoni.

"Wali tuuache. Nitafutieni mtindi, wote mtakaoupata."

Zamani Biasha alimpikia mama mmoja wa Kipunjabi, mke wa mnunuzi wa korosho. Huko ndiko alikojifunza batura, mkate wa kukaanga unaofura kama puto na kuliwa kwa mchuzi mzito wa dengu. Zake za kwanza zilitoka ngumu, zimekunywa mafuta tele. Yule mama alicheka mpaka akatokwa machozi, kisha akamshika mikono na kumfundisha kukanda.

Sasa alikanda unga kwa mtindi, akaufunika kwa kitambaa kibichi, akauacha uumuke. Dengu akazichemsha na majani ya chai yaliyofungwa kwenye kitambaa, mpaka zikaiva rangi ya kahawia. Akakaanga vitunguu, tangawizi na binzari nyembamba. Harufu ikamnyanyua Shamte kibarazani.

"Dada, una hakika?"

"Kaoge, baba wa bibi harusi. Jikoni kuna mwenyewe."

Wageni walipoketi mkekani, batura zilitoka motomoto, zimevimba. Mzee Abdulrahmani, mjomba wa bwana harusi, aliibonyeza yake kwa kidole, ikapumua mvuke. Akamega, akachovya, akatafuna. Mwanasha alichungulia mlangoni, roho juu.

"Nyama mmeiweka wapi?" mzee aliuliza.

"Hakuna nyama, shekhe," Shamte alijibu.

"Basi msiilete. Ongezeni hizi."

Mwanasha alirudi jikoni mbio, akamkumbatia Biasha na unga wake wote.

"Nikumbatie baadaye, wifi," Biasha alimwambia, akisukuma donge jingine. "Mafuta yamepata moto."