Shahada Kando ya Karasha

Mama Kulwa, muuza uji wetu hapa Masumbwe, ndiye aliyenidokeza, nikaenda kujionea. Dada mmoja anayelinda mawe ya wateja kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, alikuwa akimwomba bosi ruhusa ya kusomea shahada ya kompyuta kwa simu, hapo hapo kazini. Ana kidato cha sita na mtoto anayenyonya. Nyumbani hapati nafasi.

“Mashine inanguruma hivi, utamsikia mwalimu gani?” bosi akauliza.

“Simsikii, bosi. Maneno yake yanaandikwa chini ya video.”

“Na mawe ya watu?”

“Mfuniko wa mashine ukishafungwa, nani atachomoa jiwe? Hapo ndipo nasoma. Mashine ikizimwa, simu naweka.”

Wachimbaji waliokuwa wakisubiri mawe yao yasagwe wakacheka. “Shikamoo injinia.”

“Marahaba,” akajibu, akimhamishia mtoto titi la pili.

Bosi alijikuna shingo. “Haya, soma. Likipotea jiwe moja, na shule imeisha.”

Kelele ile ile ambayo sisi wengine tungeifanya kisingizio, yeye ameipangia ratiba.

Mimi niliishia darasa la saba. Kesho yake asubuhi nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda kuulizia masomo ya sekondari ya watu wazima.