Chapati Zilizorudi Kutoka Bwawani

Anko Lakhbir aliendesha basi katika Stratford Road kwa miaka ishirini na mitatu, na alipenda kusema kwamba katika muda wote huo ni abiria mmoja tu aliyemshukuru kwa Kiswahili. Abiria huyo alikuwa baba yangu, Jama. Ilikuwa mwaka 1994, hatujamaliza hata mwezi Birmingham. Baba alishuka Sparkhill na mifuko miwili ya mchele na, kwa mazoea tu, akasema, "Asante, dereva." Dereva, Singasinga mwenye kilemba cha buluu, akauzuia mlango usijifunge.

"We! Umetoka wapi?"

"Isiolo."

"Mimi Kisumu! Panda tena, bwana. Utabebaje mchele na mvua hii?"

Baba akapanda tena. Kwa maongezi wakapita nyumba yetu vituo viwili, na Baba akarudi kwa miguu, amelowa chapachapa, anacheka.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Lakini kilichowaweka pamoja ni samaki, jambo ambalo jamaa zetu hawakulielewa kamwe. Sisi ni watu wa ngamia na mbuzi. Bibi yangu aliwaita samaki nyoka walionenepa. Hata Anko Lakhbir, aliyekuzwa kwa samaki wa Kisumu, hakuruhusiwa kula alichovua, kwa sababu hapa kapi akishavuliwa hurudishwa majini. Kapi ni samaki mnene, mwenye magamba ya rangi ya shaba na sharubu fupi pembeni mwa mdomo. Anko alimrudisha kila mmoja kwa uchungu.

"Kilo saba, Jama. Kilo saba! Na mimi nakwenda nyumbani kula dengu."

"Afadhali dengu. Huyo ana ndevu kama zako."

"Usimtukane mgeni wangu."

Walivua wakati wa baridi tu. Kiangazi, Anko alisema, bwawa ni la mbwa na redio. Baridi ikishika watu hubaki majumbani, na hapo bwawa linakuwa lako. Lilikuwa nyuma ya kiwanda kilichofungwa, mwendo wa robo saa kwa gari lake, maji meusi yenye matete upande mmoja.

Yeye ndiye aliyemfundisha Baba kukaa kwenye baridi. Msimu wa kwanza Baba alivaa jozi nne za soksi ndani ya buti, na ilipofika saa nne asubuhi akawa hazisikii nyayo zake.

"Umeifunga damu yako kama mzigo," Anko alimwambia. "Soksi moja ya sufu, buti iwe na nafasi, miguu ikae juu ya kadibodi. Baridi inapanda kutoka chini, bwana, haitoki mbinguni."

Alimwonyesha kupanga magazeti kati ya sweta na koti, na kunywa chai kidogo kidogo kila saa badala ya kungoja mpaka meno yagongane. Ukishatetemeka, alisema, umechelewa.

Kisha chambo. Utotoni Kisumu alivua kwa ugali, na ugali ndio alioamini: mgumu, wenye bizari ya manjano na mvuje kidogo, ili harufu imfikie samaki kwenye tope. Ilimchukua misimu mingi kukubali kwamba ugali wa Kisumu haufai Desemba ya Birmingham. Maji yakipoa kapi hulala chini, hasogei ovyo, na tumbo lake husaga polepole. Ukimtupia matonge atashiba kabla hajaiona ndoana. Ukitia samli, mafuta huganda na harufu inabaki ndani. Kwa hiyo wakati wa baridi Anko alitunga punje moja ya mahindi ya kopo, inayong'aa, na kando yake akaangusha kitonge cha ugali usio na mafuta, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, kiyeyuke taratibu.

"Kwenye baridi humlishi," alisema. "Unamkumbusha tu kuwa chakula kipo."

Tatizo lilikuwa sukari. Anko alikuwa na kisukari, akijidunga sindano kila asubuhi, na mara mbili katika msimu mmoja alisahau kula kwa ajili ya samaki, akarudishwa nyumbani hajui ni siku gani. Mkewe, Anti Kanta, hakuwa mtu wa kelele. Alisema mara moja tu, mbele yetu sote, huku akikunja nguo:

"Mara ya tatu, hizo fito za kuvulia zitatoka nyumba hii na hazitarudi."

Tulijua zitatoka.

Mwaka 2001 Ramadhani iliangukia Novemba na Desemba. Jua lilikuwa likizama kabla ya saa kumi. Baba alimwambia Anko aende peke yake Jumamosi hizo.

"Nikae na nani? Na bata?"

Basi tarehe nane Desemba tulitoka watatu. Nilikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, nikiishi nyumbani. Mgongo wa Baba ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo mimi nilibeba viti, halafu nikakaa na kitabu chini ya mwavuli mkubwa. Nilipapenda pale kwa sababu hakuna aliyenitaka niongee. Tulipokuwa tunaondoka, Anti Kanta alinikabidhi mfuko mlangoni: chapati nne zenye figili ndani, zimefungwa kwenye foili, na chupa ya chai isiyo na sukari.

"Saa sita," aliniambia mimi, si mumewe. "Wewe ndiye mwenye akili kati yao. Saa sita kamili ale."

Saa sita Anko alifungua foili. Harufu ya figili na bizari ikafika mpaka kwa Baba, aliyekuwa ameketi akiyaangalia maji. Anko akamtazama Baba, kisha akanitazama mimi.

"Beti," akasema, maana hivyo ndivyo alivyoniita, binti, "na wewe umefunga?"

Sikuwa nimefunga. Zilikuwa siku zile ambazo mwanamke hafungi, na asubuhi nilikuwa nimekunywa chai jikoni, nimesimama, mlango nimeufunga. Kwetu, na katika nyumba nyingi ninazozijua, msichana aliye katika siku hizo hali mbele ya baba yake. Huamka daku na wenzake, husinzia mchana na wenzake, na hakuna anayemuuliza. Sikufundishwa na mtu. Nililijua kama ninavyojua kuvua viatu mlangoni. Neno lililotakiwa lilikuwa fupi: "Mimi leo sifungi, Anko, nipe moja." Baba angegeuza uso upande wa matete, na yangeisha.

"Nimefunga," nikasema.

"Basi mimi nani, nitafune mbele ya watu wawili?" Akaikunja foili. "Baadaye."

"Kula, Kalasinga," Baba alisema bila kugeuka. "Tumbo lako halivunji saumu yangu."

"Nimeshakula moja," akasema Anko, akanikonyeza.

Baba aliamini. Mimi nilikuwa nimeona. Hata chai hakuigusa, yeye aliyehubiri chai kila saa. Nilifungua kitabu na kuusoma ukurasa mmoja mara nyingi, nikijiambia kwamba ni mtu mzima, anaujua mwili wake, na kwamba si adabu kumwamrisha mtu wa rika la baba yangu. Saa saba ikapita. Saa nane Baba aliswali juu ya turubai, na Anko akakaa akiangalia bata, mikono ameificha kwapani.

Ilipotimia saa tisa na dakika arobaini, kengele ndogo iliyofungwa kwenye ncha ya ufito ikalia. Samaki alikuwa ameimeza punje. Anko alisimama, akanyoosha mkono kushika ufito, akaukosa. Akacheka kicheko kisicho chake, akakaa tena. Nilidhani ni baridi. Nikaleta blanketi nikamfunika mabega, nikaleta la pili nikamfunika miguu, na nilipokuwa namfunga skafu niligusa shingo yake. Ilikuwa imelowa. Nyuzi joto mbili, na mtu ametota jasho: sukari yake ilikuwa imeshuka.

"Baba," nikasema. "Hajala. Tangu asubuhi hajala."

Baba aliinuka kwa kasi ambayo mgongo wake uliilalamikia wiki nzima. Chai ile haikuwa na sukari, na chapati zilikuwa zimekakamaa. Mfukoni alikuwa na tende tatu za kufuturia. Akamwekea Anko moja mdomoni, na Anko, ulimi umeshakuwa mzito, akageuza uso.

"Jua bado, Jama."

"Kula!"

"Pamoja. Jua bado."

Zilibaki kama dakika kumi na tano. Baba aliutazama upande wa machweo, akasema Bismillahi, akaiuma tende moja, akaitafuna mbele ya macho ya rafiki yake.

"Haya. Mimi nimekula. Sasa wewe."

Anko akala. Akala na ya tatu. Nyuma yetu kengele ilikuwa ikilia, ikilia, hakuna aliyegeuka, mpaka mshipi ukakatika na ikanyamaza.

Wahudumu wa gari la wagonjwa nililoliita walimpima, wakampa kitu kitamu cha kulamba, wakaona ametulia. Baba ndiye aliyeendesha gari kurudi. Mlangoni Anti Kanta aliupokea mfuko kutoka mkononi mwangu, akafungua foili, akaziona chapati zake zote nne. Alinitazama kidogo. Hakuniuliza kitu, na afadhali angeniuliza. Kufikia Jumatatu fito hazikuwepo, wala viti, wala wavu. Baba aliilipa siku yake baada ya Idi, na sijamsikia akiijutia.

Sasa ni miaka saba. Kila Jumamosi Baba huenda kwa Anko, nami mara nyingi humsindikiza. Hukaa sebuleni, joto limewashwa mpaka mwisho, na Anko huchagua kiti cha dirishani.

"Nyuzi tatu leo, upepo wa mashariki," atasema. "Punje moja. Kwenye kina."

"Funza," atajibu Baba. "Wawili, wekundu."

"Msikie huyu! Nani alikufundisha funza?"

"Si wewe. Wewe ulinifundisha kupika ugali wa samaki."

Kisha hunyamaza. Bwawani waliweza kukaa saa saba bila neno na hakuna aliyeona kwamba ni kimya. Sebuleni dakika kumi zinawachosha; Baba anaiangalia saa, Anko anapanga vitambaa vya mezani.

Januari hii Baba alikuwa ameingia chumba cha pili kuswali, Anti Kanta yuko dukani, nami nilikuwa nammiminia Anko chai.

"Unajua, beti," akasema, "siku ile nilikuwa na njaa, we! Nilikuwa nangoja mmoja wenu achukue kipande tu. Hata kidogo hivi. Ningezimaliza zote."

Alisema akicheka, si kwa lawama. Nilikuwa nimeshika birika. Nina miaka ishirini na saba, ninafanya kazi maktaba, watu huniuliza maswali kutwa nami huwajibu. Sebuleni tulikuwa wawili tu. Neno lilikuwa bado fupi vile vile.

"Nikuongeze, Anko?" nikasema.

"Nusu." Akageukia dirisha, akafuta ukungu kwa kiganja. "Mahindi, beti. Punje moja. Baba yako hajui kitu."