Futari ya Dakika ya Themanini

Timu ya chuo chetu, huku ugenini kwa Waarabu, ilikuwa na jezi nzuri kuliko mpira wake. Zilikuwa za bluu zenye mistari myeupe, na msimu ule tulizivaa mechi sita bila kushinda hata moja. Ofisa wa michezo, aliyekuwa mtu wa kriketi mpaka mifupani, akatuambia kwamba tusiposhinda ya saba, khalas, timu inavunjwa na jezi wanapewa watu wa kriketi. Mimi kipa niliumia kuliko wote. Darasani nilikuwa jina la kuitwa asubuhi. Langoni nilikuwa mtu.

Mechi ya saba ikaangukia Ramadhani. Nusu ya timu ilikuwa Waislamu wa Unguja na Mombasa, nusu sisi Wakristo wa Moshi na Kampala. Nahodha, Mzanzibari aliyekulia huku huku, mtaa wa Rashidiya, hakutuomba kitu. Ni sisi tuliojitia kiherehere: siku ya mechi tutafunga wote, tuwe kitu kimoja. Wazo lilikuwa langu, na kuapa niliapa.

Saa saba mchana nilikuwa bafuni kwetu Al Barsha, komeo nimelitia, natafuna chapati mbili za jana. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, lakini wao hawakuwa wameapa mbele ya timu.

Basi la wageni lilikwama kwenye foleni ya Sharjah, kwa hiyo mechi ilichelewa sana kuanza, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya majumba ya Al Warqa. Tulipata goli mapema: mpira ulimgonga mshambuliaji wetu mgongoni ukaingia. Goli ni goli. Baada ya hapo nilidaka kila kitu, na mabeki wakawa wanaambiana kwamba huyu kafunga na bado anaruka hivi. Kila sifa ilinichoma.

Dakika ya themanini ikalia adhana. Refa akasimamisha mchezo ili watu wafuturu na kuswali, kisha tumalizie dakika kumi. Wageni walikula tende tatu tatu, wakanywa maji, wakaswali, wakaanza kujinyoosha. Sisi tulikuwa na mama yake nahodha. Alikuwa amekuja na masufuria matatu: muhogo wa nazi, uji wa pilipili manga na kaimati. Mama amepika tangu adhuhuri, utamrudishia sufuria limejaa? Swala ilipokwisha, timu nzima ikajaa mkekani, na wale waliofunga kwa mara ya kwanza maishani ndio waliokula bila breki. Mimi niliona haya, nikasema tumbo linanisumbua. Nahodha alinitazama kwa huruma. Afadhali angenitukana.

Dakika kumi zile Mungu anajua. Beki wetu wa kulia alikimbia ameshika tumbo kwa mikono miwili. Kiungo aliketi chini katikati ya uwanja, akaomba aachwe kidogo. Wageni walipiga mashuti walivyotaka, na mwepesi upande wetu nilikuwa mimi tu. Moja nililitoa kwa mguu, jingine kwa pua. Filimbi ikalia, moja bila, jezi zikabaki zetu.

Walinibeba mpaka mkekani. Nahodha akaniletea sahani iliyofunikwa, ambayo mama yake alikuwa ameniwekea.

"Kula, yakhe. Leo umefunga kuliko sisi sote."

Nikamwambia. Bafu, komeo, chapati, vyote. Nilipomaliza nikatamani wageni wangesawazisha nisifike hapo. Kisha akafunua sahani, akanisogezea.

"Basi kula. Kesho ufunge kweli."

Kesho yake hapakuwa na mechi wala mtu wa kunitazama. Saa saba niliinusa chapati ya wenzangu chumbani, nikatoka nje, nikazunguka mtaa mara nne juani. Adhana ya magharibi ilinikuta mlangoni kwa mama yake nahodha, Rashidiya, midomo imekauka, nimevaa jezi ya bluu.