Sista Onja na Kikombe cha Usingizi

Alizaliwa mwaka wa mvua kubwa, kitinda mimba wa fundi magodoro, na katika nyumba ile iliyojaa magodoro mama yake hakupata usingizi. Tangu amzike mwanawe wa kwanza, alikesha akizungumza na ukuta. Binti alipokua alisema, "Baba, wewe umewapa watu pa kulala. Mimi nataka kuwatafutia usingizi wenyewe." Akaingia utawani, akatumwa kuhudumia wagonjwa wa akili.

Huko alitwanga na kuchemsha mizizi iliyonuka kama soksi za msafiri, akapata maji ya kahawia yanayotuliza ubongo uliochafuka. Kila chungu kipya alikionja kwanza, kikombe kizima, mbele ya mgonjwa. Ndipo wakambandika jina la Sista Onja. Mama mkuu wa watawa alimwonya, "Mwanangu, utajimaliza." Akajibu, "Mama, siwezi kumnywesha mtu giza nisilolijua."

Wodini alikuwamo mwanamke aliyeitwa Radi, mkondefu, aliyefungwa kitandani kwa sababu aliuma wauguzi, na kwa miaka mingi hakutamka neno. Daktari aliamuru dawa yake ikolezwe, atulie kabisa. Kengele ya sala ya mchana ikalia chungu kikiwa motoni. Sista Onja, mtakatifu wetu, mtiifu kwa kengele, akaenda kusali. Aliporudi hakutambua kwamba dawa ilikuwa imechemka ikakolea hadi kuwa sumu. Akamfungua Radi kamba, maana hakumnywesha mtu aliyefungwa, akanywa kikombe chake, akaanguka chini kama mzigo.

Wauguzi walipoingia walidhani wamekuta maiti. Lo! Radi alikuwa ameketi sakafuni, amempakata mtakatifu, amemgeuza kichwa upande asipaliwe, na kila pumzi ilipozidi kuchelewa alimpiga kofi jepesi shavuni: "Pumua, mwanangu. Pumua." Kikombe kile kingemfikia Radi, mkondefu vile, asingeamka. Hakuna aliyethubutu kusogea.

Jioni mtakatifu alifumbua macho. "Na wewe umelala?" akauliza.

"Nilale vipi? Nilikuwa zamu," akasema Radi. Kisha akalala palepale, bila kunywa chochote, na kamba hazikumgusa tena.

Sista Onja alifariki akiwa mzee, kichwa chake mapajani pa Radi, ambaye sasa alikuwa mtunza bustani. Watakatifu wengine huacha harufu ya waridi. Yeye, wasiolala husimulia, hupita na harufu ya soksi, nao husinzia wakitabasamu. Basi sisi tulioshika vikombe vya wengine tumwige: tuwafungue kwanza, kisha tuonje.