Nilivyopata jina la Kifaransa cha kale, na ngao yangu nyeupe iliyokataliwa Dubai

Assalaam aleykum wakuu, na wa imani nyengine habari za leo. Umri wangu huu sina cha kupata kwa kudanganya. Haya yamenikuta mwenyewe.

Mimi nashona kofia kwa mkono. Nilifunzwa na marehemu baba, Unguja. Mwaka 2013 nilikuwa na meza yangu kwenye duka la mafundi pale Naif, Dubai, pamoja na fundi mwenzangu wa Mombasa, Rajabu, ambaye mdomo wake haupumziki.

Akaja madam mmoja Mfaransa, mwalimu. Yeye na wenzake walikuwa na chama: wanavaa kama Wafaransa wa zama za farasi na mapanga, na kila mmoja ana jina la zama hizo na ngao yenye alama yake. Nikawashonea zile alama zote.

Siku ya kuchukua mzigo akasema, "Sheikh, karamu yetu usije kama fundi. Njoo ukae mezani na sisi. Ila lazima uwe na jina na ngao."

Wakuu, miaka tisa nilikuwa nashonea karamu za watu. Napeleka nguo mlangoni, narudi zangu nyumbani Al Nahda. Kuambiwa nikae, ilikuwa mara ya kwanza. Nilitamani, siwafichi.

(Chakula nilishauliza. Samaki.)

Tatizo jina. Langu nilipewa siku ya saba, kwa akika na dua. Nilivue kwa ajili ya sahani ya samaki?

Chama kilikuwa na mzee wao mkaguzi. Jina ambalo halimo kwenye madaftari ya kale, halipiti. Nikamwambia wazi, "Mimi Suleiman. Jengine sitaki."

Akapekua taratibu. Akasema wazee wao walikuwa na Salomon, jina la Nabii huyo huyo.

"Na ukoo?"

"Kwetu hawaulizi ukoo. Mimi ni Suleiman Kofia, basi."

Akacheka sana. Kumbe na kwao zamani mtu aliitwa kwa kazi yake! Akaandika: Salomon le Chapelier. Yaani Suleiman mshona kofia.

Nilitoka pale nikimuona baba, miwani imeteleza puani, anahesabu vitobo vya kofia kwa ncha ya sindano. Allah amrehemu.

Ikabaki ngao. Simba na tai sikutaka, vyenye roho sivishoni. Nikachagua mwezi mwandamo. Nao wanao, wanauita kruasan, kama ule mkate wao uliopinda.

Rajabu akaangua kicheko. "Mzee wangu! Wenzako wanachukua simba, wewe unachukua mkate wa chai?"

Nikashona wiki mbili, kazi ya kujivunia. Mkaguzi akaitazama, akanirudishia.

"Haipiti. Sioni kitu."

Nilikuwa nimeshona uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe! Ndivyo kofia zetu zilivyo, mkono umezoea. Kumbe kanuni yao nyeupe haikai juu ya nyeupe, maana ngao lazima ijulikane kwa mbali, kabla hujapigwa panga na mwenzako.

Nikamwambia, "Kwetu kazi hii anaiona anayesali ubavuni mwako."

Akapitisha kidole juu ya ule mwezi, pole pole. "Bado haipiti," akasema. "Lakini naiomba, nikaiweke nyumbani."

Nikampa. Zilibaki siku mbili. Nikashona nyengine, mweupe juu ya buluu, nikiinuka kwa sala na chakula tu. Ikapita.

Siku ya karamu mtu mlangoni akanadi, "Salomon le Chapelier!" Nikasogea pembeni kumpisha.

"Sheikh, ni wewe!" madam akasema. Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Nikaonyeshwa kiti. Nikakaa.

Leo madam karudi kwao, chama kimesambaratika, duka linauza simu. Alhamdulillah kwa siku zile.

Nililojifunza: mtu akikukaribisha, mwambie kwa upole usichoweza kukiacha, kisha umpe muda. Huenda na yeye anacho cha kwao kinachofanana.

Nanyi wakuu, wazee wenu mtaani waliitwa kwa kazi gani? Waandikeni hapa, tuwataje.