Haraka ya Kupukuchua

Kilichoninyima usingizi ni hiki: nikinyamaza, je, nimedanganya?

Rafiki yangu wa chuo, ambaye sasa anafanya kazi mpakani Kasumbalesa, alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti. Alisema malori ya unga kutoka Zambia, yaliyozuiwa kwa miezi kadhaa, yameanza kuruhusiwa kupita. Unga huo ukifika soko letu la Manika, mahindi yetu hayatagombaniwa na mtu. Nilimpa mama asikilize. Aliamua tupukuchue kesho yake, na akanikataza kuwaambia majirani. Wote wakishusha mahindi sokoni pamoja, bei itaanguka hata kabla ya malori kufika.

"Mucreuseur akiona filon ya kobalti, anaita watu?" aliniuliza.

Wachimbaji wa kwetu wakigundua mshipa wa madini huuficha. Nimesomea kilimo, na kazi yangu ya mwisho chuoni ilisifu habari zinazomfikia mkulima kwa wakati. Kuhusu jirani wa mkulima huyo sikuandika neno.

Katika mashamba yetu ya kando ya njia ya Nzilo, wanawake hupukuchua kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Kwa hiyo waliokuja kutusaidia kuwahi soko ni wale wale tuliowaficha habari. Kando yangu alikaa jirani yetu mjane. Alikuwa ametunza mavuno yake yote, akingoja bei ipande karibu na kufunguliwa kwa shule, ili watoto wake warudi darasani. Alimuuliza mama haraka hii ni ya nini. Mama akasema panya wamezidi.

Mjane akanigeukia. "Ingénieur, unapukuchua kama mutu anaogopa kuumiza mahindi. Ni hii balikufundisha ku université?"

Wakacheka. Nikacheka nao. Mifuko yetu ya kwanza ilikuwa imeshaondoka na pikipiki asubuhi. Nikawaza: nikisema, na malori yasije, watauza kwa hasara na kunilaumu msimu mzima. Nikinyamaza, na yakaja, mjane huyu atabaki na ghala lililojaa na watoto nyumbani, baada ya kutupa mikono yake. Na mama je? Nilitafuta njia isiyomuumiza mtu. Haikuwepo.

Nikatoa simu, nikaongeza sauti, nikaiweka juu ya mfuko katikati yao. Rafiki yangu akaongea, malori yakinguruma nyuma yake. Mikono ikasimama. Mama peke yake aliinama, akaendelea kupukuchua.

"Mi sijue kama ni kweli," nikasema. "Lakini siye tulishaanza kuuzisha. Njo maana tuko mbio."

Hakuna aliyenitazama. Nikakusanya mifuko mitupu iliyokuwa imebaki, nikasimama mbele ya mjane.

"Mama, twende tuanze kwako."

Akajipangusa maganda kwenye kitenge, akatangulia. Nikamfuata, nikimwacha mama na mahindi yetu yaliyopukuchuliwa nusu.